Maboga ya Chepsaita

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kikao cha klabu leo. Chai baridi. Mandazi yaliisha kabla sijafika. Lakini habari! Jumamosi ndiyo sherehe ya Klabu ya Huduma ya Sosiani. Tutawatembelea vijana wetu mashambani, kijiji cha Ziwa asubuhi, Chepsaita mchana. Kikundi bora kitapewa tangi la maji na pampu. Na mlezi bora, hapa nikakaa wima, ndiye atakayerithi kiti cha Mzee Kipkemboi, anayeacha uenyekiti kwa sababu ya magoti.

Mimi, Gerishon Shitanda, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, mwenyekiti! Mkufu wa shaba kifuani! Nimeshaujaribu siku moja Mzee alipoenda msalani. Unanikaa.

Mpinzani ni mmoja tu, Diana Chepkorir, daktari wa mifugo, mlezi wa vijana wa Ziwa wanaofuga mbuzi wa maziwa. Huwatembelea kila wiki. Tabia ya watu wasio na kazi.

Mzee Kipkemboi akaniuliza maboga ya vijana wangu wa Chepsaita yanaendeleaje. Nikasema yananenepa kama watoto wa pasta. Akafurahi. Akasema basi mgeni wa heshima, Mama Nyakio, yule mfanyabiashara anayetoa tangi, atapikiwa boga la shamba hilohilo. Nikapiga makofi. Nilikuwa wa kwanza kupiga.

Kusema kweli Chepsaita sijakanyaga tangu tulipozindua kikundi mwezi wa Machi. Kuna haja gani? Nelima, msichana anayewaongoza, hunitumia picha. Ile ya Juni ilionyesha majani mapana yanayotambaa. Majani mapana yanayotambaa ni maboga, kila mtu anajua. Niliiweka kwenye grupu la WhatsApp la klabu nikaandika, "Maboga yetu!" Diana akajibu, "Hongera, Bwana Shitanda," na kauso kanakocheka.

Wivu mtupu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemshughulikia Diana! Amekuja dukani kununua misumari ya banda la mbuzi. Nikamnong'oneza, kwa upole, kwamba Mama Nyakio anaogopa mbuzi kupita kiasi. Alipigwa na beberu utotoni. Akiona pembe tu, chini! Diana akashtuka. Akanishukuru, akasema atawaficha wote. Nikamfungia misumari yake vizuri kwenye gazeti.

Jioni Nakhumicha, mke wangu, akauliza kwa nini nacheka peke yangu na ugali mkononi. Nikamweleza. Akasema, "Baba Tyson, Mungu anakuona." Nikamjibu kwamba wiki hii Mungu ana shughuli nyingi, watu wanavuna mahindi.

Alhamisi, 18 Septemba

Msiba!

Nimeenda Chepsaita kukagua. Vijana walinipokea vizuri, ingawa mmoja aliniuliza kama mimi ndiye wakala wa mbegu. Nelima akanipeleka shambani. Kichanja kirefu cha fito, majani yametanda juu yake kama paa. Nikainama kuingia chini. Nikatazama juu. Vinaning'inia. Vina shingo ndefu. Vibuyu!

Nikauliza maboga yako wapi. Nelima akauliza, maboga gani?

Akanieleza kwa subira. Watu wa mjini siku hizi wanagandisha mursik, yale maziwa ya mgando ya Kikalenjin, kwenye mitungi ya plastiki kwa kukosa vibuyu, na mursik ya plastiki si mursik. Bibi ya mmoja wao, wanamwita Gogo, ndiye aliyewafundisha. Kibuyu kinaachwa kikauke kwenye mmea wake, kinatolewa mbegu, kinaoshwa, halafu kinasuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet. Tayari watu wenye harusi wanaviulizia. Shida yao ni maji tu. Miche ya kwanza ilikauka yote, wakapanda upya. Wanachota mtoni kwa mitungi. Nelima akanionyesha njia ya mtoni, imekanyagwa hadi ikawa mtaro. Akasema tangi lile wakilipata, kiangazi kijacho hawatapoteza mche hata mmoja.

Nikapangusa macho. Nadhani ni vumbi.

Nikawaagiza wavikate vibuyu vyote leo hii na kuvificha. Wakanitazama kama mtu aliyewaambia wauze macho yao. Nelima akasema, "Vikikatwa vibichi vitanywea vioze, Mzee. Hii ni kazi yetu ya msimu mzima."

Mzee! Mimi!

Nikapendekeza basi tuvipake rangi ya machungwa, dukani kwetu iko. Wakacheka sana. Kijana mmoja alilazimika kukaa chini. Walidhani ni mzaha. Nikacheka nao.

Ijumaa, 19 Septemba

Akili ni mali. Nimenunua maboga sokoni, makubwa, mazito, yenye sura ya ushindi. Mama muuzaji akauliza kama nina harusi. Nikasema ni utafiti. Dukani nimechukua waya wa kufungia vyuma. Mpango ni huu: kesho alfajiri, kabla vijana hawajafika shambani, nayafunga maboga kwenye kichanja, katikati ya vibuyu. Mgeni akiuliza vibuyu ni nini, nitamwambia ni boga la kienyeji lenye shingo.

Mzee Kipkemboi hataona kitu. Macho yake hayatofautishi mtu na mlango.

Nakhumicha amekuta maboga chini ya kitanda. Nikamweleza pia. Akasema tangu azaliwe hajaona boga limening'inia kama popo, boga hulala chini. Nikamwambia hiki ni kilimo cha kisasa. Akasema hicho kilimo cha kisasa kitaniangukia siku moja, akaenda kuosha vyombo. Wanawake hawapendi maendeleo.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nimelalia upande mmoja. Bega la kulia halitaki kuguswa.

Alfajiri ilienda vizuri. Bodaboda ilinishusha Chepsaita na magunia yangu, hakuna mtu, umande tu. Nikapanda juu ya debe, nikafunga boga moja baada ya jingine. Fito zililia kidogo. Nikaziambia zivumilie, ni kwa siku moja. Boda hiyohiyo ikanikimbiza Ziwa. Nilifika na vumbi hadi kwenye kope, wakati uleule basi la klabu linapiga breki.

Mama Nyakio akateremka. Kofia kubwa, viatu vyeupe. Neno lake la kwanza: "Mbuzi wako wapi? Mimi nimelelewa na maziwa ya mbuzi. Nimekuja kwa ajili ya mbuzi."

Diana akasema kwa sauti ya upole, sauti inayofika mbali, "Samahani, Mama. Bwana Shitanda alituambia ukiona pembe unazimia."

Macho yote kwangu. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Mbuzi wakafunguliwa. Mama Nyakio akambeba mwanambuzi mmoja kama mjukuu na kukataa kumrudisha hadi tulipoondoka. Vijana wa Ziwa wakaeleza malisho, chanjo, ukamuaji. Walijua kila kitu. Inachosha.

Lakini Chepsaita ilikuwa bado!

Tukafika mchana. Turubai, nyimbo, wazazi wamevaa vya Jumapili, Nakhumicha jikoni na akina mama wengine. Nelima na wenzake walikuwa wamesimama kando ya kichanja, nyuso zao kama watu waliokuta ng'ombe sebuleni. Kabla hajafungua mdomo nikatangulia mbele na kunyoosha mkono. "Mabibi na mabwana, maboga ya Chepsaita!"

Hakuna aliyepiga makofi. Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye waya. Unametameta! Sikuwa nimefikiria jua.

Mzee Kipkemboi akatoa miwani mfukoni. Mipya! Ameinunua kwa ajili ya sherehe! Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya mwalimu mstaafu, ni mmea gani huu unaozaa watoto wa mama wawili.

Nikasema, "Haibridi."

Hapo fito zikalia tena. Safari hii si kidogo. Boga la kwanza likakatika na waya wake, likatua mbele ya viatu vyeupe vya Mama Nyakio na kupasuka. La pili likafuata. La tatu lilinichagua mimi, begani. Kisha nguzo ya kati ikaanza kuinama, na kichanja kizima, pamoja na vibuyu vyote vya msimu mzima, kikaanza kuja chini.

Nelima akapiga kelele. Vijana wakaingia chini wote kwa pamoja, wakakiinua kwa mikono, kwa vichwa. Sijui ni nani aliyenisukuma. Nadhani hakuna. Nilijikuta nimekumbatia nguzo, suti na yote, bega linawaka moto, nikimwomba Mungu kwa Kikabras, lugha ya nyumbani ambayo sijaomba kwayo tangu nikiwa mdogo. Kando yangu Diana ameshika fito. Upande wa pili Mama Nyakio, kofia imeanguka, viatu vimejaa mbegu. Kijana mmoja akapanda na koleo kukata nyaya. Maboga yakashuka, bu, bu, bu. Kichanja kikapata nafuu. Wakaweka nguzo mpya.

Vibuyu vichache vilipasuka. Vingine vyote vilipona.

Mama Nyakio akajipangusa, akauliza nani aliyeyatundika yale maboga. Nikafumba macho. Tangi limekwenda, nikawaza. Wamejitwika maji msimu mzima, na tangi limekwenda kwa ajili yangu.

Nelima akasema, "Ni mlezi wetu, Mama. Alituletea maboga tuwapikie wageni. Alikosa tu mahali pa kuyaweka."

Watu wakacheka hadi turubai likatikisika. Mama Nyakio pia. Nikafumbua jicho moja. Nelima hakuwa ananitazama. Alikuwa ameshachukua kibuyu cha Gogo kilichokwisha kukauka, anamwonyesha mgeni shingo yake, mkaa wake, kifuniko chake cha ngozi. Akamimina mursik kwenye kikombe. Mama Nyakio akanywa. Akanyoosha kikombe aongezwe.

Tangi na pampu: Chepsaita! Vijana wakakimbia shamba zima. Nelima hakukimbia. Aliketi kwenye nyasi, akajifunika uso kwa leso, mabega yanatetemeka, na Gogo akaja akakaa kando yake. Sijawahi kuona mtu akililia tangi. Vumbi lilikuwa jingi sana leo.

Kisha mlezi bora. Mzee Kipkemboi akataka kila kikundi kiseme neno juu ya mlezi wake. Ziwa wakasema mbuzi walipougua, Diana alihamia bandani nao hadi wakapona. Zamu ya Nelima. Akasimama, macho bado mekundu. "Tunamshukuru Bwana Shitanda. Alikuja Machi. Alikuja Alhamisi. Na leo amekuja mara mbili."

Makofi mengi. Nikasimama, nikainama kulia, nikainama kushoto. Nakhumicha akanivuta koti nikae.

Mwenyekiti ni Diana.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani watu wamenisalimia, "Habari, Haibridi." Hata pasta. Chakula cha mchana, boga. Cha jioni, boga. Nakhumicha anapakua tu.

Diana amenitumia dawa ya kuchua bega. Imeandikwa kwamba ni ya ng'ombe. Nimeipaka. Inafanya kazi vizuri kuliko ya watu, lakini sitamwambia.

Jumanne, 23 Septemba

Kikao cha kwanza cha Diana. Ule mkufu unamkaa pia, japo si kama mimi. Mandazi yametosha wote, sijui amefanyaje.

Vijana wa Chepsaita wamemwomba Mzee Kipkemboi awe mlezi wao mpya, kwa kuwa sasa ana nafasi na anapenda mursik. Nikangoja kufukuzwa. Nilikuwa hata nimetayarisha maneno machungu kuhusu shukrani ya punda. Lakini Diana akasema kuna kikundi kipya cha vijana huko Turbo, ndiyo kwanza wanakusanyika, hawajaamua watafanya nini. Akasema angependa niwe mlezi wao. "Nenda Jumamosi, Bwana Shitanda. Usiwapangie. Kaa chini uwasikilize."

Nikaguswa. Nikasimama mbele ya wote nikaapa. Nikasema nimekuwa mtu mpya. Nitafika kila wiki. Nitakaa chini. Sitasema neno ambalo sijaliona kwa macho yangu. Mzee Kipkemboi akavua miwani akaipangusa.

Baada ya chai akaja mwanahabari wa redio kutuhoji juu ya kazi ya vijana. Akazunguka na kipaza sauti. Diana akataja mbuzi wa Ziwa. Mzee akataja vibuyu vya Chepsaita, kwa fahari, kana kwamba amevipanda yeye. Kila mtu alikuwa na chake. Kisha kipaza sauti kikafika mbele ya mdomo wangu. Na ninyi wa Turbo, mnafanya nini?

Wote wananitazama. Taa nyekundu inawaka.

Nikasema sungura.

Nikasema weupe. Wanazaana vizuri sana, hali ya hewa ya Turbo inawapenda. Nikasema tayari kuna hoteli zimeuliza, na kwamba mwakani tunafikiria kuwapeleka ng'ambo. Diana alikuwa amejishika uso kwa mikono miwili, nadhani kichwa kilimuuma.

Mahojiano yatatangazwa kesho asubuhi, wakati wa chai. Kilichobaki sasa ni kitu kidogo tu: kuwahi Turbo kabla ya hapo, niwaarifu vijana kwamba wanafuga sungura.