Shibukombe wa Magurudumu Manne

Hakuna mtu aliyejua magari kumzidi Zéphirin! Maneno hayo aliyasema Zéphirin mwenyewe, kila siku, tena kwa sauti, kwa hiyo Nchelenge nzima ilikuwa imekwisha kuyazoea. Gari lake lilikuwa na urefu wa kiatu cha mtu mzima. Liliendeshwa kwa betri, liliongozwa kwa rimoti, na kazi yake pekee hapa duniani ilikuwa kupanda mawe.

Zéphirin alikuwa fundi wa simu kando ya Ziwa Mweru, upande wa Zambia, ila mzaliwa wa Pweto, upande wa Kongo. Juu ya kibanda chake alikuwa ameandika INGÉNIEUR, yaani mhandisi kwa Kifaransa, kwa rangi nyekundu, herufi zenyewe kubwa kiasi kwamba mbili za mwisho zilihamia kwenye kibanda cha jirani. Aliishi kwa dada yake mkubwa, Berthe, mchuuzi wa samaki wakavu, mwanamke mvumilivu aliyekuwa na kosa moja tu, nalo ni kumwonea huruma ndugu yake.

Gari lile alilipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi, akatoa simu moja, akapewa gari. Siku ya kwanza alilileta kwenye jiwe mbele ya watu. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo, la kuwekea sufuria. Gari likainua pua, likapanda nusu, likaanguka chali kama mende! Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Zéphirin alilibeba nyumbani amelifunika kwa shati lake, na tangu siku hiyo akili yake yote ikahamia ndani ya gari.

Aligundua kwamba lilianguka kwa sababu lilikuwa jepesi mbele. Akakata vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu, akavizungusha ndani ya magurudumu ya mbele. Wavu ulikuwa wa Berthe. Gari likaacha kuanguka, likaanza kuteleza. Akachomoa matairi, akayajaza sponji ili yawe laini na kulikumbatia jiwe. Sponji ilitoka kwenye godoro la Berthe. Sasa lilishika jiwe vizuri, lakini mota ikashindwa kuzungusha uzito ule wote. Akatafuta mota yenye nguvu zaidi, akaikuta, kwa bahati mbaya, ndani ya feni ya Berthe. Akaifunga na gia za kupunguza mwendo, maana gari la kupanda mawe halitaki mbio, linataka nguvu. Mwisho akajaza shokabsoba mawese badala ya oili, zikawa laini ajabu, na gari zima likanukia kama sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Kila gari lilipopata nafuu, nyumba ya Berthe ilizidi kuugua. Mama wa watu alilala karibu na sakafu, akitoka jasho, huku ndugu yake akimweleza gizani jinsi matairi yalivyoboreka.

Lakini Zéphirin alikuwa na jambo jingine maishani, zito kuliko risasi zote za Berthe. Alitaka kumwoa Mwaka. Mwaka alikuwa fundi cherehani wa kibanda cha jirani, kile kile kilichobeba herufi mbili za INGÉNIEUR, binti wa mzee Katongo, mvuvi wa Kibemba. Kwa miezi mingi alikuwa amesikiliza habari za gia na mota, na bado alimpenda Zéphirin, jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakuweza kulieleza. Ila muda ulikuwa unakwisha. Uvuvi ulikuwa umefungwa ili samaki wazae, na ziwa likifunguliwa tu, mzee Katongo angehamia kwenye kambi yake kisiwani, na kumpata tena ingekuwa kazi. Mwaka alimwambia wazi: tuma shibukombe kabla baba hajaondoka, au tuyaache.

Shibukombe, kwa Wabemba, ni mshenga. Mwenye kutaka kuoa haendi mwenyewe, wala hasemi neno. Shibukombe ndiye hupeleka nsalamu, sahani yenye shanga na fedha kidogo chini ya kitambaa cheupe, naye ndiye huwa kinywa cha mwenye kuoa mbele ya wazee. Sahani ikipokewa, au kama wasemavyo, ikiliwa, mlango umefunguka.

Berthe alikuwa amekwisha kumpata Boyd, shemasi, mtu mwenye maneno ya kutuliza hata mbwa. Zéphirin akamkataa. Nyumba ya mzee Katongo ilikuwa juu ya mteremko wa mawe nyuma ya soko, mawe makubwa yaliyopangana ovyo ovyo, na kila alipoyatazama Zéphirin alihisi kwamba Mungu aliyaweka pale kwa ajili yake.

“Yaya, ule muzee Boyd atafika kule juu pumuzi imekwisha,” alimwambia dada yake. “Gari yangu haichoke, na haisahau njia. Itapeleka sahani.”

Berthe alimgeukia. “Utatuma kitu ya plastiki kwa kuomba muke?”

“Haiko plastiki tena, yaya. Plastiki nilishaitoa yote.”

Majaribio yalifanyika kwenye mawe ya kanisa. Mawe hayo waumini waliyakusanya zamani kwa ajili ya msingi, na kwa kuwa kila mwaka walichagua kamati mpya badala ya kujenga, mijusi ilikuwa imehamia humo na kuzaliana kwa amani. Zéphirin alifunga sahani ya maharage juu ya gari kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaliongoza hadi kileleni, akalishusha. Halikumwaga hata punje! Wavuvi wasio na kazi walimpigia makofi, naye akawahutubia mpaka mmoja baada ya mwingine wakakumbuka kwamba wana shughuli nyumbani.

Siku ikafika. Alasiri, Zéphirin alivaa koti la arusi la marehemu baba yake, akajificha chini ya mteremko nyuma ya kichanja cha kukaushia samaki, kitupu kwa sababu ya ile marufuku. Kutoka pale aliona mawe yote hadi uani kwa mzee Katongo, na maneno ya watu wa huko yalimfikia vizuri. Akafunga sahani juu ya gari, akatandaza kitambaa cheupe, akashika rimoti kwa mikono miwili.

Na gari likapanda! Tuseme ukweli, lilipanda vizuri. Liliyakanyaga mawe polepole, gurudumu moja moja, pua chini, sahani imetulia. Kuku mmoja alivutwa na harufu ya mawese akalifuata nyuma kwa adabu, ikawa msafara. Lilifika juu, likaingia uani, likasimama mbele ya mkeka alipoketi mzee Katongo na dada yake Chisomo, shangazi wa Mwaka.

Kisha mzee Katongo, ambaye alikuwa ameuza samaki Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa miaka mingi na alikijua Kiswahili cha huko kama mwenyeji, akalipigia gari makofi ya salamu, yale ya taratibu wanayopigiwa wageni wa heshima.

“Mwaiseni mukwai, bashibukombe,” alisema, akimkaribisha mgeni kwa Kibemba. “Batu ya kwenu beko muzuri?”

Gari halikujibu. Chisomo alisema pengine mgeni ana kiu, akaleta kikombe cha munkoyo, kinywaji cha mahindi kilichochachuka kidogo, akakiweka mbele ya magurudumu. Kule chini Zéphirin aliitazama rimoti. Hakuwa amefikiria kwamba watazungumza nalo! Katika michoro yake yote, wazee walichukua sahani, wakastaajabia magurudumu, basi.

Mzee Katongo akauliza kama huyo aliyemtuma ana nyumba yake. Zéphirin, kwa kuchanganyikiwa, akavuta rimoti ili gari lirudi. Likarudi nyuma.

“Hana nyumba,” alisema Chisomo.

Wakauliza kama anakunywa. Zéphirin akasukuma mbele haraka kurekebisha kosa. Gari likaenda moja kwa moja kwenye kikombe, likazamisha pua humo na kukibwaga. Chisomo alisema ameona, hakuna haja ya kuongeza.

“Na muke,” aliuliza mzee Katongo. “Eko na muke mwingine kule Pweto?”

Vidole vya Zéphirin vikamtoka mkononi, kila kimoja kikafanya lake. Gari likazunguka kulia, likasimama, likazunguka tena kulia, likazidi kuzunguka. Wazee walilitazama kwa subira.

“Hii jibu ni murefu,” alisema Chisomo.

Hapo Zéphirin alishindwa. Aliupanda mteremko kwa miguu na mikono, koti likachanika kwapani, akatokea uani akihema kuliko Boyd yeyote. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu alikuwa na hofu ya kweli, kwa maana aliona Mwaka akimponyoka kwa sababu ya rimoti. Akapaza sauti kwamba hana mke Pweto, wala Chienge, wala popote.

Mzee Katongo hakugeuka. Alimwuliza dada yake kama amesikia mtu. Chisomo alisema ni upepo tu wa ziwani, kwa sababu mwenye kutaka kuoa hawezi kuwa hapa akipiga kelele, hakuna mtu asiye na adabu kiasi hicho. Zéphirin akasema tena. Upepo, walikubaliana, ulikuwa mkali leo.

Kisha mzee Katongo akainama, akalichunguza gari. Akaligusa gurudumu la mbele, akasema polepole, kama anayezungumza na kuku, kwamba gurudumu hili ni zito sana, nani aliyeliharibu namna hii.

Lo! Angemtukania ukoo wake, Zéphirin angenyamaza. Lakini gurudumu?

“Haikuharibika, baba!” alisema, akapiga magoti kando ya gari. “Ule uzito njo siri yake.”

Na hapo bomba likafunguka. Aliwaeleza wazee habari ya risasi, kwamba uzito ukikaa mbele na chini gari haliwezi kupinduka. Aliwaeleza habari ya sponji. Alifunua kitambaa cheupe ili waone betri ilivyohamishwa. Mzee Katongo, ambaye sasa upepo alikuwa anausikia vizuri sana, aliuliza kama huyu ana nguvu. Zéphirin aliapa kwamba hakuna jiwe lililowahi kumshinda. Chisomo aliuliza kama ni mtu wa hasira. Hapana, mama, anakwenda polepole, hana mbio. Anachagua chakula? Betri tu. Atatunza mke? Zéphirin, akiwa amefika katikati ya shokabsoba, alijibu bila kufikiri kwamba huyu atatunza chochote, amejaribiwa kwa maharage.

Aliongea mpaka jua likainama juu ya ziwa. Alipomaliza alijifuta uso, akatabasamu, akangoja pongezi.

Mzee Katongo alisafisha koo. “Chisomo, tulikosa,” alisema. “Mwenye kuoa hasemake. Shibukombe njo mwenye kusema. Huyu mudogo, tangu alifika, amenyamaza. Huyu mukubwa amesema mupaka jua inashuka, na hakusema hata neno moja juu yake mwenyewe. Basi huyu mudogo njo bwana, na huyu mukubwa njo shibukombe wake.”

“Na amemusifu muzuri,” alisema Chisomo.

Zéphirin alifungua kinywa kukana. Mzee akamwinulia kiganja, akamwambia kazi yake imekwisha, apumzike.

Desturi inataka binti aitwe aulizwe. Mwaka akatoka ndani, amebana midomo kwa nguvu, macho yake chini. Baba akamwonyesha gari, akamwuliza kama anamjua huyu.

“Namujua, baba,” alisema Mwaka. “Hakuna siku sikusikia habari yake.”

“Tukule sahani yake?”

“Mukule.”

Chisomo akapiga vigelegele, akaichukua sahani, akaingia nayo ndani! Mzee Katongo akatangaza kwamba mkwe atabaki hapa, kwa kuwa kwa Wabemba mkwe huanza kwa kufanya kazi kwa wazazi wa mke, na kwa bahati nzuri kulikuwa na matofali ya kuvuta. Akaomba pia rimoti, akaiita masikio ya bwana arusi. Zéphirin akaitoa, hakujua hata kwa nini aliitoa. Shibukombe hupewa nyama ya kuku, akapewa paja. Alilila lote, kwa sababu kulikataa kungekuwa kosa jingine, na kwa sababu, pamoja na huzuni yake, lilikuwa paja tamu.

Mwaka ndiye aliyemsindikiza hadi getini. Alikuwa amecheka ndani hadi macho yamekuwa mekundu, lakini sasa hakucheka.

“Baba anaendaka ku kisiwa juma hii,” alisema. “Kesho tuma mutu. Mutu wa kweli, aseme juu yako.”

“Aseme nini?”

“Njo hapo. Juu ya gari tunajua yote. Juu yako, baba hajui kitu.” Aliegemea nguzo ya geti na kumtazama usoni. “Niambie miye, nimupashe leo. Weye uko mutu wa namna gani?”

Zéphirin alipanua kifua chote. Hakuna swali alilowahi kulingoja kwa hamu kama hilo. Alifungua kinywa, akatafuta, akatafuta tena, na kitu cha kwanza alichokipata kilikuwa habari ya magurudumu ya nyuma, ambayo mzee hakuwa ameyauliza.

Mwaka akafunga geti taratibu.