Vibao Kumi na Vitano

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya ishirini bila Agnella. Mke wangu yuko kwao Namawala, simu yangu hapokei. Kosa langu? Nilikata mtalawanda, mti uliopandwa uani na marehemu mama yake, nikajengea kibanda cha chipsi. Kibanda kikaanguka wiki ileile. Lakini leo nimepata wazo! Agnella anapenda miti kuliko watu. Nitafungua Njia ya Miti ya Asili hapa hapa Mkula, kuanzia kijitoni hadi uani kwetu. Atakuja tu!

Jumatano, 5 Juni
Nimeandika vibao kumi na vitano. Jirani Sylvester, aliyefanya kibarua msituni siku nne na tangu hapo anajiita mtaalamu, akauliza tangu lini mkaratusi ukawa wa asili. Nikamjibu niliukuta hapa nilipozaliwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wivu huo!

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji Marcelino kafikisha mwaliko. Dada yake kasema atakuja kutazama miti, si mimi. Haidhuru! Nimefua shati.

Jumamosi, 8 Juni
Amekuja! Na mama yake mdogo, Bi Apolonia. Shikamoo yangu aliipokea akitazama pembeni.

Tukatembea. Agnella akisoma vibao. Msaji, akasema, umetoka Asia. Mwarobaini, India. Mkaratusi, Australia. Kwenye mninga, mti wa asili kabisa, nilikuwa nimeandika Mwembe Pori. Aibu gani hii!

Cha mwisho nilikipigilia kwenye kisiki, kimeandikwa hivi: Mtalawanda. Ulipandwa na mama yake Agnella. Nisamehe.

Agnella akakisoma mara mbili. Kisha akasema katika vibao vyote kumi na vitano, hicho ndicho pekee kilicho sahihi. Akaomba kopo la rangi. Vingine atavirekebisha mwenyewe, kazi ya siku mbili tatu. Bi Apolonia akarudi Namawala peke yake. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, nikalia.

Jumapili, 9 Juni
Nimeapa mbele ya Agnella kwamba sitakata tena hata kijiti. Akacheka, akanipangusa rangi shavuni. Jioni Marcelino akamletea begi lake la nguo, bado hajalifungua. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumatatu, 10 Juni
Njia imependeza. Kasoro moja tu: wageni watakaa wapi? Nimeuzunguka ule mninga mara tatu. Mbao zake zitatoa mabenchi sita, watu wakae watazame miti ya asili kwa raha. Sylvester ana msumeno. Agnella atafurahi mno! Nitamwambia akishafungua begi lake.