Jumapili ya Mfukuza Kima

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepoteza Jumapili yangu. Ilipotea jana saa nne asubuhi, ofisini kwa meneja, na aliyeipoteza ni mimi mwenyewe, kwa hesabu zilizo sahihi kabisa.

Maelezo kwa ajili ya kumbukumbu. Mimi, Timothy Musyoki, ni mfukuza kima katika hoteli moja ya ufuoni hapa Diani. Kazi yenyewe: kusimama kando ya bufe na manati mkononi. Mawe hayaruhusiwi, wageni wanalalamika. Basi navuta mpira mtupu na kukodoa macho. Siyo kazi niliyoiota nikiwa Kitui. Lakini nilishuka huku na mfuko mmoja wa nguo, na leo nina vyumba viwili vya kupanga Ukunda, kitanda cha mvule, mke na mtoto. Sikubebwa na mtu.

Kima wananiogopa mimi peke yangu. Hilo nilitaka lijulikane. Jana, siku ya ofu yangu, yaani ya mapumziko, nikavaa shati la kanisani, nikaacha kanisa, nikampelekea meneja Gillian takwimu. Siku nikiwa kazini: vitu vinne vinaibwa mezani. Jumapili nikiwa ofu: thelathini na kimoja! Nilitarajia cheo. Meneja akasoma, akasema hesabu safi sana, Musyoki, kuanzia sasa Jumapili utakuwa kazini na ofu yako itakuwa Jumanne. Nami nikasema asante. Asante!

Mke wangu, Kamene, akaniuliza kama nakumbuka tarehe kumi na saba kuna nini. Nakumbuka. Sikukuu ya Watoto kanisani. Binti yetu Kanini, miaka saba, ataimba ubeti mmoja peke yake. Nikamwambia asiwe na shaka, nina siku za kutosha na kichwa cha kutosha. Akasema haya, akaendelea kuchambua mchicha wa kuuza.

Jumanne, 5 Agosti

Ofu ya kwanza ya Jumanne. Jumanne haina watu. Kamene yuko sokoni na mboga zake. Kanini yuko kwenye mazoezi ya kuimba. Nimekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki kama mzigo uliosahauliwa steji.

Gauni jeupe la Kanini lilikuwa kwenye kamba. Upepo ukaingia ndani yake, likajaa, likawa kama limevaliwa. Nikaliangalia muda mrefu. Likainama, likazunguka, likainua mkono mmoja. Likarefuka. Nikamwona Kanini wa miaka kumi, Kanini wa kumi na tano, Kanini mwenye pochi na funguo zake mwenyewe akiniaga. Nikapiga makofi. Jirani yetu, Mama Dama, akauliza kama niko salama.

Jioni nikamwomba Kanini anionjeshe ule ubeti kidogo tu. Akakataa katakata. Eti, Baba, utasikia siku yenyewe.

Lakini gauni lile limenipa wazo. Nguo ikijaa vizuri, nani atajua kama ndani hamna mtu?

Alhamisi, 7 Agosti

Sanamu. Yunifomu yangu ya akiba, mito miwili, mpini wa deki, kofia. Macho nikayachora kwa wino mzito, makali kama yangu. Nikamsimamisha kando ya bufe, nami nikajificha nyuma ya kabati la taulo. Kima wakakaa mbali. Ushindi! Nikajiona tayari nimekaa kanisani, miguu nimeikunja.

Kisha akaja mkubwa wao, yule wa mkia nusu ninayemwita Mhasibu, kwa kuwa huiba vifuko vya sukari na kuvipanga kwanza kabla ya kula. Akanizunguka, yaani mimi yule wa mito. Akaninusa. Akapanda begani kwangu, akamenya ndizi, akafutia mikono kwenye kola yangu. Wageni wakapiga picha. Johnstone mpishi akasema amefanya kazi nami miaka yote hii na hajawahi kuniona mtulivu hivyo, na kama ni kuchagua, yeye atabaki na huyu wa mito.

Vitu vilivyoibwa: ishirini na sita. Sanamu imeachishwa kazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshuka hadi kwa adui. Kibwana ni mfukuza kima wa hoteli ya jirani. Mimi nikiwafukuza kima wanaenda kwake, yeye akiwafukuza wanarudi kwangu. Hiyo ndiyo hali yetu tangu zamani. Mtu wa Msambweni, sauti ya chini, hakimbii. Huwaambia kima tafadhali!

Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia shikamoo juu ya ua ulio kati yetu. Nikampa mpango: tarehe kumi na saba asubuhi awapokee kima wote, nami nitamlipa kwa kuwapokea wote Jumapili mbili zinazofuata. Faida yake ni asilimia mia. Akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, Bwana Musyoki, kima hawasomi kalenda. Akauliza meneja wangu amesemaje kuhusu shughuli ya mtoto. Nikamwambia hajui. Akauliza kwa nini hajui. Nikamweleza kwamba mimi siombi, mimi hushawishi kwa takwimu.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema jamani, ni maneno manne tu: Madamu, binti yangu anaimba. Nikamwambia huo ni ushauri wa mtu asiyetaka maendeleo. Akasema inshallah nitayapata, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma cha kula njiani. Nimekula kwa hasira. Mtamu sana.

Jumapili, 10 Agosti

Jumapili ya kwanza kazini. Asubuhi ilikuwa laini, kama imelowekwa kwenye maziwa. Bahari haikutoa sauti. Mbega walikuwa juu ya mkwaju, weusi kwa weupe, mikia mirefu, wamekaa mstari kama kwaya yenye majoho. Mbega ni watu wa heshima. Wanakula majani yao, bufe hawana habari nayo.

Jua likapenya kwenye matawi, mwanga ukawa unatikisika chini kama maji. Nikamwona Kanini katikati yao, gauni jeupe. Akafungua mdomo. Hakuna kilichosikika. Nikasogea. Akaimba tena, bila sauti. Nikasogea tena, nikaegemeza sikio kwenye mti.

Nilipogeuka, Mhasibu alikuwa amekwenda na mnara mzima wa pankeki na miwani ya mzee mmoja mgeni. Meneja akaja, akauliza nilikuwa wapi. Nikasema kanisani. Akadhani natania. Ningeweza kusema yale maneno manne palepale. Lakini sikuwa na takwimu mkononi.

Jumatano, 13 Agosti

Hili la leo lilikuwa la akili nyingi. Nilipoteza Jumapili kwa kuwa bora. Basi nitairudisha kwa kuwa hafifu! Wizi ukiwa uleule niwepo nisiwepo, meneja ataona sina maana Jumapili, atanirudishia ofu yangu.

Nikaweka manati mfukoni. Nikaangalia mawingu. Moja lilikuwa na umbo la nyumba ya mawe ya vyumba vinne, na baraza mbele. Nikaingia ndani, nikapanga viti. Nyuma yangu nikasikia sahani zikianguka, vijiko, kelele. Vitu arobaini na vinane! Rekodi. Mmoja alikunywa maziwa kwenye jagi kama mwenye nyumba.

Nikaitwa ofisini. Bibi mmoja mgeni alikuwa pale, analia. Nikajiandaa kwa lawama. Kumbe analia kwa furaha! Amekuja Kenya mara sita, hajawahi kushikwa mkono na kima, mpaka leo. Meneja alikuwa anang'aa. Akasema Jumapili hii tunazindua Kifungua Kinywa na Kima, chini ya mkwaju, na wageni wa hoteli nyingine watakaribishwa. Nami nitakuwa Mkuu wa Uhusiano na Kima. Kuna kofia ya kijani, ina unyoya.

Nikaivaa. Kwenye kioo cha baa nikamwona mtu mrefu. Nikakubali papo hapo, nikapeana mikono na kila mtu, hata Johnstone. Nilikuwa nimeshafika getini ndipo nikakumbuka Jumapili hii ni tarehe ngapi.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku tatu nimebeba habari hii mdomoni kama chai ya moto. Leo nimemwambia Kamene. Alidhani namchezea. Kisha akasema sawa, Mkuu, mtoto utamwambia mwenyewe, mimi simo.

Kanini alikuwa amelaza gauni chini ya godoro ili linyooke. Akaniuliza nitakaa upande gani. Mwalimu wao, Purity, amewafundisha kwamba ukiogopa, tafuta uso mmoja tu uuimbie. Anataka kujua atazame wapi.

Nikafungua mdomo kumwambia. Nikasema: kushoto, karibu na dirisha.

Akasema asante, Baba. Kamene akaondoka chumbani.

Jumapili, 17 Agosti

Nilikuwa kazini kabla jua halijatoka, napanga ndizi chini ya mkwaju. Sijalala. Saa mbili wageni sitini na wawili walikuwa wameketi, kamera juu. Kima: sifuri.

Walikuwa juu ya miti kwa Kibwana, wote, wanatutazama. Nikasogea na kufungua mikono kuwakaribisha. Wakarudi nyuma mti mmoja. Nikatabasamu. Wakarudi mti wa pili. Kofia haikuwadanganya hata kidogo. Meneja akanisogelea, uso unacheka kwa ajili ya wageni, akaninong'oneza niondoke. Nikauliza niende wapi. Akasema popote, mradi usionekane, na usirudi kabla ya chakula cha mchana. Kibwana, ng'ambo ya ua, akapaza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue: Kanisani, Bwana Musyoki! Kimbia kanisani!

Nilikimbia. Nikadandia tuk-tuk, nikamwambia dereva nina dharura ya kifamilia. Akatazama kofia, hakuuliza.

Nikafika! Kushoto, karibu na dirisha, kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na juu yake mkoba wa Kamene. Akautoa bila kunitazama. Watoto wakaingia mstari. Kanini akatafuta, akatafuta, akaniona. Akacheka, pengo la meno mawili mbele. Nilijaa kama lile gauni kwenye kamba. Nikakaa vizuri. Upepo wa dirishani ukanigusa shingoni, mwanana.

Mkuu wa Uhusiano na Kima, nikawaza. Baadaye Mkuu wa Pwani nzima. Nikaona ofisi, pazia linapumua polepole, meza pana kama kitanda. Kima wenye mashati meupe wakapita mmoja mmoja, shikamoo mzee, shikamoo mzee. Mhasibu akaniletea chai, sukari amekwisha kuipanga. Na mbali, mbali sana, kulikuwa na sauti ndogo inaimba, safi, kama maji yanamiminwa kwenye gilasi. Nikamwagiza Mhasibu anitafutie mwenye sauti ile, nimpe kazi.

Makofi yakaniamsha. Nikasimama, nikapiga kuliko kanisa zima.

Nje, Kanini akaniuliza nimependa ubeti gani. Nikasema ule wa katikati. Akanitazama. Akasema, lakini Baba, mimi nilikuwa na mmoja tu. Kisha akanivua kofia, akanifuta mate shavuni kwa kiganja chake.

Jumatatu, 18 Agosti

Habari njema, tena mbili.

Ya kwanza. Watoto wamewapendeza watu, na mchungaji amesema waimbe tena Jumapili ijayo. Kanini ameomba ubeti wake arudie mara mbili. Eti wa pili ni wangu, na wakati wa ule wa pili nisifumbe macho.

Ya pili. Meneja ana furaha. Kima walikuja mara tu tuk-tuk ilipokata kona, wageni wakashangilia. Akaniuliza nilikwenda wapi, nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Akasema, ala, Musyoki, kwa nini hukuniambia binti yako anaimba? Ningekupa siku hiyo bila maneno. Akasema kuanzia leo Jumapili zote ni zangu. Mshahara uleule, cheo kilekile, kofia nibaki nayo. Kazi yangu ya Jumapili ni kutokuwepo.

Mtu mwingine angesema asante, akaenda zake. Nami nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Lakini neno lile likanichoma. Kutokuwepo! Nimejijenga mwenyewe toka mfuko mmoja wa nguo ili nije nisifiwe kwa kutokuwepo? Hata mito inaweza kutokuwepo.

Nikageuka. Nikamwomba dakika kumi. Nikamwonyesha kwamba kima wasiosimamiwa huishia meza tatu za mbele, na wageni wa nyuma hawapati kitu. Mimi nikijificha nyuma ya jiko na kutokeza macho kwa wakati wake, nitawasukuma hadi meza za nyuma kabisa. Wageni walioridhika wataongezeka kwa asilimia sitini. Meneja akauliza kama nina uhakika. Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Nikasema nina uhakika, hesabu ni hesabu. Akasema basi, ukishikilia hivyo, Jumapili utakuwa kazini, Jumanne ni yako.

Asante, nikasema. Kichwa juu!

Kamene bado hajajua. Si lazima ajue, kwa sababu suluhisho ninalo. Nimeshamwandikia Mwalimu Purity kwenye simu, kwa heshima zote. Nimemweleza kwamba Jumanne kanisa liko tupu, viti vyote vya dirishani vinapatikana, na hewa ni bora kuliko ya Jumapili. Swali langu ni moja tu, na halihitaji kamati: je, Jumapili ijayo inaweza kufanyika Jumanne? Ndiyo au hapana. Nangoja jibu kabla ya Ijumaa, saa sita kamili mchana.