Boneti ya Moto

Siku hiyo mjinga alikuwa Sabuni. Tuliseme mapema, maana yeye mwenyewe ukimkuta kijiweni atakusimulia hadithi nyingine kabisa, na katika hadithi hiyo anashinda.

Sabuni ni jina la mtaani; alilipata kwa kuteleza kila anaposhikwa. Gari lake lilikuwa limechoka. Likishapata moto lilikwenda kwa madaha kama bibi harusi, lakini likipoa halikuwaka mpaka lisukumwe.

Mkewe, mshonaji, alikuwa na kazi ya sare za shule nzima, za kufikishwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Akichelewa, kazi inakwenda kwa mshonaji mwingine. Akampa mumewe akiba yake yote.

"Mpelekee kaka yangu gari. Alitengeneze kwanza, ndipo ukalibadilishe yadi kwa jingine."

Kaka huyo ndiye fundi wa magari. Akafungua boneti, akasikiliza, akaguna.

"Shemeji, ringi za pistoni zimekwisha, ndiyo maana likipoa haliwaki. Nipe siku mbili. Ukilipeleka yadi likiwa zima, watakupa gari la maana."

"Shemeji, mtu anayehama nyumba anapaka rangi ya nini?"

"Anayehama hapaki. Anayeuza hupaka."

"Basi niapie. Mtu akikuuliza, ugonjwa wa gari humwambii."

"Siri ya mteja haitoki gereji hii. Ndiyo inayonilisha."

Maana Sabuni alikwisha kumwona mtu wake: Mwenye Tai, bwana wa yadi ya magari mtaa wa pili, aliyevaa tai hata akiosha matairi, na ambaye kwa sura alielekea kujua rangi za magari kuliko injini zake. Jumamosi mchana Sabuni alizunguka mji nusu saa nzima ili injini ikolee moto, kisha akaingia yadi gari likinguruma.

"Silizimi," alisema kwa ukarimu. "Sikiliza mwenyewe linavyoimba."

Mwenye Tai akafumba macho, akasikiliza kama yuko msibani. "Linaimba kweli, kaka yangu. Na hili langu la bluu unalionaje? Tubadilishane, uniongeze kidogo tu."

Sabuni akaweka kiganja juu ya boneti ya gari la bluu. Ilikuwa ya moto.

"Nimelipasha," Mwenye Tai akasema. "Sipendi mteja asubiri."

Hapa msomaji ana ruhusa ya kupiga kelele, ila Sabuni hatasikia. Mtu aliyeishi miaka kumi kwa boneti za moto aliugusa moto wa mwenzake akaudhani ni heshima! Akakabidhi akiba yote ya mkewe iwe nyongeza, akasaini, akaondoka na gari la bluu huku akimwonea huruma Mwenye Tai.

Jumatatu saa moja asubuhi, sare zilikuwa zimepangwa garini hadi dirishani. Sabuni akazungusha ufunguo. Gari la bluu likakohoa mara moja, likanyamaza. Akazungusha tena. Safari hii hata kukohoa halikukohoa.

Fundi akaitwa. Alipoliona tu, akacheka bila kugusa boneti.

"Ah, hili! Ringi. Nililikagua juma lililopita."

"Ulijua? Shemeji mzima, ukaninyamazia?"

"Mwenye Tai naye aliniapisha. Nilimsihi alitengeneze kwanza. Unajua alinijibu nini? Eti anayehama nyumba hapaki rangi."

Hapo simu ya Sabuni ikalia.

"Tapeli mkubwa!" Mwenye Tai alikuwa akihema. "Gari lako haliwaki!"

"La kwangu? La kwako ndilo haliwaki!"

"Umenionyesha gari likiwa la moto!"

"Na wewe je? La kwako ulilipasha moto kwa nini?"

Wakaitana matapeli dakika nzima, kila mmoja kwa uchungu wa mtu mwaminifu.

Mshonaji alikwisha kuwasikia vya kutosha. Akatazama saa. Akalizunguka gari, akamwondoa mumewe kwenye usukani kwa kidole kimoja, akaketi, akatia gia ya pili, akateremsha kioo. Fundi alikwisha kushika nafasi yake nyuma ya gari, upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa wazi.

Sabuni akakata simu, akainamia dirisha, sauti yake ikalainika kama siku aliyokwenda kuposa.

"Mke wangu, naomba nikueleze..."

"Utanieleza tukifika. Sukuma."