Fataki za Nyuma ya Tanki la Chifu

Kwa Chifu Masinde,

Mwanangu, pokea heshima ya cheo chako. Ya umri naipokea mimi.

Jumamosi jioni mtu fulani alirusha fataki kwa sababu binti yake Beverlyne amemaliza chuo. Mtu huyo simtaji. Nasema tu kwamba zilitoka nyuma ya tanki lako la maji. Beverlyne nampongeza, amesoma. Lakini wanyama wangu hawakualikwa, na hakuna aliyewaambia kwamba ile ni furaha. Malalamiko ni haya:

1. Kuku wangu alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili, zimebaki siku nne yaanguliwe. Aliruka akapanda mparachichi, mpaka leo hashuki. Kwa kuwa ni serikali iliyomtoa, serikali ije iatamie. Kiota ni kipana, utaenea.

2. Mbwa wangu, yule aliyemkimbiza askari wako hadi mtoni, sasa anaishi chini ya kitanda. Ukikohoa tu, anajikojolea. Usiku ni mimi ninabwekanga.

3. Hili ndilo limenitoa machozi. Fahali Mukombero niliachiwa na marehemu mzee wangu, na hajawahi kushindwa uwanjani. Jumamosi hii anapigana na fahali wa Protus wa Lubao. Fataki zilipoanza alivunja zizi akaingia jikoni, na hatoki. Nimefanya yote ya kumtuliza mnyama mwenye hofu: nimeziba dirisha kwa blanketi, nimemfungulia redio ya nyimbo za kanisa, nimekaa naye nikimsugua shingo. Kijiko kikianguka anatetemeka. Protus akijua, atacheka mpaka asikike Mukumu.

4. Kwa hivyo naomba amri. Mwenye fataki atangaze wiki nzima mbele, kanisani na sokoni, tufungie wanyama mapema. Kisha azilete kwangu zikiwa bado kimya, wanyama wazinuse mmoja mmoja. Mmoja akikataa, hata kama ni kuku, zirudi dukani.

5. Mtu mwenye akili hampigii mnyama kelele. Hiyo hata mimi wa darasa la tatu naijua. Wewe ulifika la ngapi?

Msalimie mama yako Dorothy, mwambie mguu wangu umepata nafuu. Salimia wote hapo nyumbani isipokuwa aliyewasha kiberiti.

Ni mimi, bibi kizee niliyekubeba mgongoni ukiwa na upele,
Kukhu Jescah Kageha

Nyongeza: Mukombero ametoka jikoni leo asubuhi, na mlango ametoka nao. Alisikia vijana wakijaribu ngoma za isukuti, zile za kumsindikiza uwanjani, damu ikamrudia. Basi Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tunampitisha langoni kwako na isukuti, filimbi na vuvuzela hamsini. Ng'ombe wako wakishtuka, hao ni waoga wa kuzaliwa. Na kama nyuma ya tanki kumebaki fataki, nitumie mbili. Nataka ziwashwe upande wa fahali wa Protus.