Malalamiko Kuhusu Sufuria za Taifa Kuwa za Duara Mno

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Ubora wa Bidhaa.

Kuhusu: Kukataliwa kwa mfuniko wangu, na hatua za haraka zinazotakiwa dhidi ya sufuria

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi. Mimi afya ninayo, ila subira ndiyo imeniishia. Ni mimi mwenye ule mfuniko wa sufuria wenye taa nyekundu, niliouleta ofisini kwako wiki tatu zilizopita, ukarudishwa na karatasi yenye neno moja tu: "Haukai." Miaka miwili ya jasho, Ndugu Mkurugenzi, imejibiwa kwa neno moja, na muhuri wenyewe umegongwa upande.

Kwanza nieleze, maana najua mafaili ni mengi. Mama yangu masikio yamemchoka. Sufuria ikichemka hasikii, na akishakaa sebuleni na cherehani yake, maziwa yanaweza kumfuata mpaka mlangoni. Ndipo mimi na shemeji yangu, fundi redio, tukaunda mfuniko unaohisi mvuke na kuwasha taa kubwa ambayo mama anaiona akiwa palepale kwenye cherehani. Sharti lake ni moja: ukae barabara, mvuke usipenye pembeni. Shemeji alichonga na kupiga tupa mifuniko thelathini na mmoja, kila mmoja tukiujaribu kwenye sufuria ya mama, mpaka siku ule wa mwisho ulipokaa kama vile viwili hivyo vilizaliwa pamoja. Tulikumbatiana jikoni. Mama alitokwa na machozi, ingawa baadaye alidai ni vitunguu.

Miezi minane hakikumwagika kitu. Kisha nikauleta kwako upimwe. Siku hiyohiyo, sufuria ikiwa kichwa wazi, maziwa yalifurika, yakazima moto, na gesi ikaendelea kutoka. Jirani ndiye aliyenusa, akavunja dirisha. Mama alikuwa anashona tu, hana habari. Tangu siku hiyo silali kabla ya kwenda kunusa jiko.

Dada yangu mkubwa alifika, akasema yatosha, mama anahamia kwake. Mama hataki. Ana miaka arobaini katika nyumba ile na anajua kila kitu kilipo hata akifumba macho. Tulivutana hadi dada akalegeza kidogo: ikifika Jumamosi hii mfuniko una cheti chako, mama atabaki, hauna, mama anafungasha. Leo ni Jumatano. Kwa hiyo naomba uyasome malalamiko yangu ukiwa umekaa.

1. Sufuria za nchi hii ni za duara mno. Nimeambiwa mkaguzi wako aliujaribu mfuniko kwenye sufuria kumi na mbili za maabara, ukachezacheza kwenye zote. Nilirudi nyumbani kwa hasira nikaikagua sufuria ya mama, nikakuta mdomo wake umebonyea upande mmoja, upana wa vidole vitatu. Kumbe iliwahi kuanguka: mama aliiangusha siku aliposhikwa na uchungu wa kunizaa mimi. Hilo bonyeo na mimi ni marika, tumekua pamoja, ndiyo maana hakuna aliyeliona. Mfuniko umelifuata kwa uaminifu mkubwa. Sasa kosa la mfuniko liko wapi? Umekaa vizuri kwenye sufuria pekee uliyowahi kuijua. Hizo kumi na mbili ndizo zijieleze.

2. Mchonga kalibu ya chuma ya kumiminia mifuniko ya plastiki, tunayemwita Unywele kwa sababu hakosei hata kwa unene wa unywele, aliniuliza mara moja tu. Alipiga simu kabla ya kukata chuma, akataka kujua kama ule upande ulionyooka ni makusudi. Nilimjibu kwamba afuate mchoro na asinifundishe kazi. Akafuata! Mtu wa uzoefu ule, anaona kabisa mteja amepandisha mori, halafu anatii? Alipaswa kuja kunishika mashati. Utii wa namna hii ndio unaoua viwanda vichanga.

3. Kiwanda cha plastiki hakiwashi mashine kwa mifuniko ishirini. Niliomba ishirini ya kujaribia, wakasema ni elfu mbili au nisiwapotezee muda. Basi nikasema elfu mbili, tena kwa sauti ya mtu aliyekuja na nia hiyo tangu mwanzo. Ililetwa baada ya yale maziwa kufurika, na sasa imejaa chumba cha wageni, chini ya kitanda, juu ya kabati na bafuni. Yote inakaa vizuri sana, lakini ni kwa zamu, kwenye sufuria moja.

4. Muuza vihisi, yaani vile vidude vinavyohisi mvuke, aliishiwa na vile tulivyovizoea, akatuletea vingine akiapa kwamba ni vilevile, tofauti ni rangi. Havikuwa vilevile. Taa zinawaka mtu akipita tu na kikombe cha chai. Hili silo kosa lako, ila nikiliacha nitalala nalo rohoni.

5. Mkaguzi wako hakuuliza sufuria ya mfuniko iko wapi. Ukiletewa bwana harusi peke yake, si unauliza bibi harusi yuko wapi? Yeye alimtafutia wengine kumi na wawili, kisha akaandika kwamba bwana harusi haozeki.

Sasa niyaweke maombi yangu. Mifuniko ni elfu mbili na ni migumu. Sufuria ni laini na zinabonyea. Mtu yeyote mwenye akili timamu anaona nani anapaswa kubadilika. Naomba basi ofisi yako itangaze kwamba kuanzia mwezi ujao sufuria haihesabiwi kuwa bora mpaka iwe imebonyea vidole vitatu upande mmoja. Wananchi wapeleke sufuria zao vituoni kwa utulivu. Shemeji amekubali kuwafundisha watumishi wako kushika nyundo. Viwanda vya sufuria navyo vianze kubonyeza mapema, kwani samaki mkunje angali mbichi.

Na ili pasizuke ubishi wa vipimo, sufuria ya mama iwekwe ofisini kwako katika sanduku la kioo, iwe ndiyo kipimo cha taifa. Mama mwenyewe apewe kitambulisho cha kuingia na maziwa yake kila asubuhi. Najua wapo watakaonuna kwamba nchi nzima haiwezi kubonyezwa kwa ajili ya mama wa mtu mmoja. Hao nawauliza, kwa heshima zote: wao wana mama wangapi?

Nakuomba, Ndugu Mkurugenzi, cheti kifike kabla ya Jumamosi. Mama ameanza kuwagawia majirani vyungu vyake vya maua, anasema kwa dada hakuna baraza. Siwezi kuendelea kumtazama akifanya hivyo.

Nifikishie salamu kwa mhudumu wa mapokezi aliyeniazima kalamu, kwa mlinzi wa getini, na hata kwa mkaguzi, ambaye nimemsamehe ila sijasahau.

Wako katika ubora,
Mwenye Mfuniko,
Mkurugenzi Mtendaji, Chumba cha Wageni, Nyumbani kwa Mama.

Tanbihi: Barua hii imechelewa kutumwa, na sababu ni hii. Jumatano jioni nilimsomea mama yote, kwa sauti ya kumfikia, hata jirani wa pili aliisikia. Alhamisi asubuhi mama alitia sufuria kikapuni, akaenda kwa fundi bati, akarudi nayo imegongwa ikanyooka, duara tupu. Anasema aliona haya sufuria yake kumharibia mwanawe kazi. Alikuwa na furaha jamani! Aliniambia sasa mfuniko utakaa popote. Nilishukuru nikaenda kujifungia bafuni, katikati ya mifuniko, ambayo tangu saa hiyo haikai kwenye sufuria yoyote duniani.

Kwa hiyo namba moja hadi tano zipuuze, na wananchi waachiwe sufuria zao. Unywele nimemwomba radhi. Shemeji ameanza kuchonga mfuniko wa thelathini na mbili, na safari hii ameazima sufuria saba za majirani. Mimi tangu Alhamisi nashinda jikoni kwenye kigoda, macho kwenye maziwa, na yakianza kupanda nampungia mama kitambaa chekundu. Yeye huja, huzima jiko, kisha hukaa nami tukanywa, jambo ambalo kwa miaka miwili ya kumhangaikia sikuwahi kupata nafasi ya kulifanya.

Dada alikuja Jumamosi. Alikagua jiko, hakuona hata tone. Akauliza cheti. Nikamwambia kiko njiani, naye ametupa mwezi mmoja. Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, kama ofisi yako ina fomu ya vigoda, naomba unitumie moja. Hiki nimekijaribu mwenyewe siku tatu mfululizo. Kinakaa.