Nilivyouawa Katika Filamu Yangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata wazo. Shangazi ana riwaya ya mapenzi ya zamani ambayo humliza tangu usichana wake. Kijana fukara anampenda binti wa tajiri. Binti anakaa dirishani miaka nenda miaka rudi akimngoja. Wanaoana. Nitaifanya filamu ya kisasa. Kijana ni mimi. Binti ni fundi cherehani wa ghorofa ya chini, ambaye nikimsalimu hujibu "nzuri" na kuendelea kushona. Kufika kwenye harusi atakuwa amenizoea. Gauni atajishonea mwenyewe. Akili ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Fundi amekubali, ila kwanza akisome kitabu. Nimempa. Mimi sijakisoma, Shangazi alinisimulia, yatosha. Shemeji, mume wa dada yangu, mpiga picha za harusi, atashika kamera. Farasi nimemgeuza pikipiki, barua nimezigeuza ujumbe wa simu. Shemeji akauliza: kama simu zipo, huyo binti anangoja nini miaka yote? Nikamwambia mtandao unasumbua. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi amemaliza kitabu. Ana maoni. Anasema msichana wa leo hakai dirishani, ana kazi. Anasema kijana anamvizia binti nyuma ya ua na kumwandikia kila siku bila kujibiwa. Zamani hayo yaliitwa mapenzi, leo mtu anaitiwa polisi. Shemeji alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nikatazama dari. Nilikuwa nimemtumia fundi ujumbe asubuhi hiyo. Na jana yake. Na juzi.

Jumamosi, 8 Machi
Tumeanza kupiga picha. Nilitakiwa nifike chini ya dirisha kwa mbwembwe. Pikipiki ya muuza maziwa ikagoma kuwaka. Nikaja nikiisukuma, jasho chapachapa. Fundi akasema ibaki hivyo hivyo. Kisha akaongeza mhusika, mama wa kijana, akampa Shangazi aliyekuja kutazama tu. Shangazi akaniangalia usoni, akasema, "Mwanangu, tafuta kazi." Maneno hayo hakuandikiwa na mtu.

Jumapili, 9 Machi
Harusi imefutwa. Binti anafungua duka lake. Kijana anakufa mapema, filamu isirefuke. Nikalazwa sakafuni, nikafunikwa shuka. Nilifumbua jicho moja nione kama fundi analia. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

Wenzetu walipoondoka nikamwomba, kama mimi, si kama kijana wa kitabuni, tukanywe chai. Akatoa pini mdomoni. "Kaka yangu," akasema, "hapana. Ningekwambia zamani, lakini hujawahi kuniuliza. Umekuwa ukinitumia tu mashairi."

Nilipanda ngazi taratibu. Sikula.

Jumamosi, 15 Machi
Filamu imeoneshwa uani, ukutani. Majirani walijaa. Nilipokufa walipiga makofi. Shangazi alilia duka lilipofunguliwa, akasema ndivyo alivyotaka iishe tangu alipokuwa msichana. Fundi alinishukuru mbele ya watu kwa kuleta kitabu. Nikainama kidogo, kama watu wakubwa.

Jumatatu, 17 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: kitabu kilikuwa chembamba. Nimeazima kinene, ambamo mwanamke anakataa sura baada ya sura, mwisho anakubali. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mfamasia wa pale kona anafaa. Leo nimekohoa mbele yake kwa hisia. Akanipa dawa na kijiko. Kijiko sikukiomba. Ananipenda.